Antena ndogo ndani ya lakiri na vifuatiliaji vya malori: zinavyotengenezwa na kwa nini hupoteza mawimbi

Lori lenye kontena la mizigo ya transiti huondoka bandari ya Mombasa likiwa na lakiri ya kielektroniki, au sili kama madereva wanavyoiita, kwenye mlango wa nyuma. Tangu hapo maofisa wa forodha hulifuata kwenye skrini hadi livuke mpaka. Mfumo wa pamoja wa kufuatilia mizigo wa Kenya, Uganda na Rwanda ulizinduliwa mwaka 2017. Hutoa tahadhari pale lori linapoacha njia iliyopangwa, linaposimama mahali pasipotarajiwa au lakiri inapochezewa. Lori likitoweka kwenye skrini, wa kwanza kupigiwa simu ni dereva, wa pili ni mwenye lori, na mzigo husubiri mpaka maelezo yapatikane.

Mara nyingi hakuna aliyechezea kitu. Kilichoshindwa ni kipande cha kauri chenye ukubwa wa sarafu kilichomo ndani ya kasha, yaani antena. Makala haya yanaeleza antena hizo hutengenezwa vipi, kwa nini zimekuwa ndogo namna hiyo, na udogo huo hulipiwa wapi. Msafirishaji anayenunua kifuatiliaji chake mwenyewe, au anayetakiwa kueleza kwa nini lori lake lilipotea kwa saa mbili, ana faida ya kuyajua haya.

Kiraka cha shaba juu ya kihami

Antena wanayoijua wengi ni fimbo, kama ile ya redio ya gari. Antena iliyomo ndani ya lakiri haina fimbo. Ni kipande bapa cha shaba au fedha kilicholazwa juu ya kihami, na chini ya kihami kuna bati lingine pana zaidi. Wahandisi huiita antena ya maikrostripi, na kwa kuwa kipande cha juu kinafanana na kiraka cha nguo, hapa tutaiita antena ya kiraka.

Wazo lake lilitolewa mwaka 1953 na Georges Deschamps, lakini lilikaa kabatini kwa karibu miaka 20 kwa sababu vihami vizuri havikuwepo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Wamarekani Robert Munson na John Howell ndio walioifanya iwe kitu cha kutumika. Walioitaka kwanza walikuwa watengenezaji wa roketi na makombora, maana antena bapa inaweza kubandikwa kwenye ngozi ya chombo bila kutokeza nje na kuzuia upepo. Sababu hiyo hiyo ndiyo inayoifanya ipendwe leo kwenye malori: kitu kisichotokeza hakivunjwi na matawi, haking'olewi na mwizi kwa urahisi, na hutengenezwa kiwandani kama bodi yoyote ya saketi.

Namna inavyofanya kazi si ngumu kuielewa. Umeme wa masafa ya juu huingizwa kwenye kiraka na kwenda huku na huku kati ya ncha zake mbili, kama maji yanavyoyumba ndani ya beseni. Urefu wa kiraka ukiwa nusu ya wimbi, mayumbo hujijenga yenyewe na mawimbi huvuja kwenye ncha zote mbili kwa wakati mmoja, yakisaidiana kuelekea juu. Kwa kupokea ni hivyo hivyo kinyumenyume. Upande wa chini bati huzuia, kwa hiyo antena ya kiraka huona nusu moja tu ya dunia, ile iliyo mbele ya uso wake. Jambo hili la mwisho lifaa kukumbukwa, maana ndilo chanzo cha matatizo mengi barabarani.

Mahali pa kuunganishia waya nako kuna hesabu yake. Ukingoni mwa kiraka ukinzani huwa mkubwa, pengine omu 200 au 300, na katikati kabisa huwa sifuri. Waya na vipokezi vya redio hutengenezwa kwa omu 50, hivyo mbunifu hutafuta pale katikati ya hayo mawili, karibu theluthi moja ya urefu kutoka ukingoni. Akikosea, sehemu ya nguvu hurudi ilikotoka badala ya kuingia kwenye antena.

Hesabu ya rula

Urefu wa wimbi hewani hupatikana kwa kugawanya 300 kwa masafa yaliyoandikwa kwa megahezi, na jibu huwa kwa mita. Setilaiti za GPS hutumia megahezi 1575.42 kwa watu wa kawaida. Ukigawanya unapata karibu sentimita 19. Nusu yake ni sentimita 9.5. Kiraka cha ukubwa huo ni kama mkono wa mtu mzima, hakiwezi kuingia ndani ya kufuli.

Hapa ndipo kihami kinapofanya kazi. Ndani ya kihami wimbi hupunguza mwendo na kufupika. Kila kihami kina namba yake, na wimbi hufupika kwa kipeo cha pili cha namba hiyo. Kauri yenye namba 20 ina kipeo cha karibu 4.5, kwa hiyo sentimita 9.5 hugeuka kuwa sentimita 2.1. Hiyo ndiyo sababu vipande vya GPS vinavyouzwa sana duniani vina upana wa milimita 25 kwa 25 na unene wa milimita 4. Kauri yenye namba karibu 37 hupunguza zaidi, na kiraka hukaa kwenye kipande cha milimita 18. Zipo pia za milimita 12 na hata 10.

Kwa wanaounganisha ofisi na yadi kwa Wi-Fi, hesabu ni ile ile. Kwenye megahezi 2450 wimbi lina sentimita 12.2. Juu ya bodi ya kawaida ya kioo na epoksi, inayojulikana kama FR4, yenye namba ya karibu 4.4, kiraka hutoka na urefu wa karibu milimita 29 na upana wa karibu milimita 37. Mbunifu huukata urefu kidogo zaidi, kwa kuwa mawimbi hutokeza nje ya ncha na kukifanya kiraka kiwe kama kirefu kuliko kilivyo.

Udogo hulipiwa

Kama kauri nzito hufupisha antena, kwa nini watengenezaji wasiifanye iwe ndogo kama punje ya mchele? Jibu lilitolewa zamani, na Harold Wheeler mwaka 1947 na Lan Jen Chu mwaka 1948. Walionyesha kwamba antena ikipunguzwa kuliko urefu wa wimbi lake, lazima ipoteze kimoja kati ya viwili: upana wa masafa inayoweza kupokea, au ufanisi. Hakuna mbunifu aliyekwepa kanuni hii tangu hapo, ingawa matangazo ya biashara huahidi kinyume chake kila mwaka.

Katika vifuatiliaji kanuni hiyo huonekana hivi. Kipande cha milimita 25 husikia vizuri eneo jembamba tu kuzunguka masafa ya GPS. Lakini vipokezi vya sasa hutaka pia setilaiti za Urusi, GLONASS, zilizo karibu na megahezi 1602, na za China, BeiDou, kwenye megahezi 1561. Galileo ya Ulaya inatumia masafa yale yale ya GPS. Kuzisikia zote kunahitaji upana wa megahezi zaidi ya 40, na kiraka kidogo hakiwezi. Kinachotakiwa ni kipana au kinene zaidi, mathalani cha milimita 35, au viraka viwili vilivyopandishwa kimoja juu ya kingine. Kifaa kidogo kama kiberiti kinachodai kusikia setilaiti za mataifa yote kinaweza kuwa kinasema kweli kuhusu kipokezi chake na kunyamaza kuhusu antena.

Upana mwembamba una madhara mengine. Kiraka kilichopimwa kikiwa wazi hushuka masafa kikifunikwa na plastiki, na hushuka zaidi plastiki hiyo ikilowa au ikipakwa tope. Mtengenezaji makini hupima antena ikiwa ndani ya kasha lake la mwisho na kuikata upya ili iangukie mahali pake. Asiyejali hununua kipande kilicho tayari, hukifunga, na kukipeleka sokoni. Vifaa hivyo viwili huonekana sawa dukani na bei zao hutofautiana kidogo sana.

Suala la bodi za bei rahisi ni zito kuliko linavyodhaniwa. Namba ya FR4 haikai mahali pamoja. Shehena moja yaweza kuwa na 4.2 na nyingine 4.6. Tofauti hiyo huhamisha masafa ya kiraka kwa zaidi ya asilimia 4. Kwenye megahezi 2450 hiyo ni zaidi ya megahezi 100, wakati bendi nzima ya Wi-Fi ya chini ina megahezi 83.5 tu. Kwa maneno mengine, mchoro sahihi ukipelekwa kiwandani na kuchapwa kwenye bodi ya shehena nyingine, antena inaweza kutoka nje kabisa ya bendi yake. Tena FR4 hula nguvu na kuigeuza joto. Ndiyo maana antena nzuri za kiraka hutengenezwa kwa kauri, kwa vihami vya aina ya Tefloni, au kwa hewa tupu kati ya mabati mawili. Hewa ni bora kuliko zote na haina bei, ila huifanya antena kuwa kubwa.

Wimbi linalojizungusha

Mawimbi ya GPS hayaji yakiwa yamelala upande mmoja. Huja yakijizungusha kama skurubu, kuelekea kulia. Antena ya fimbo hupokea nusu tu ya nguvu yake. Kiraka kinaweza kufundishwa kuzunguka: mbunifu hukata pembe mbili zinazotazamana, au hukifanya mstatili kidogo na kuingiza waya pembeni, hadi mayumbo mawili yapishane kwa robo ya mzunguko. Anayefungua kifuatiliaji na kuona kipande cha fedha chenye pembe zilizokatwa asidhani ni kasoro.

Mzunguko huo una faida kubwa kwenye yadi iliyojaa makontena. Wimbi likigonga chuma na kurudi, hugeuka na kuzunguka kushoto. Antena nzuri hulikataa, na hivyo haidanganyiki na mwangwi. Antena ndogo mno haina uwezo huo wa kuchagua, na ndiyo huonyesha lori likiruka kutoka upande mmoja wa barabara hadi mwingine wakati limeegeshwa. Kwa mfumo wa forodha wenye njia iliyochorwa, mruko wa mita mia chache unaweza kusomeka kama kuacha njia.

Ikumbukwe kwamba nguvu inayofika ni ndogo ajabu. Setilaiti ziko umbali wa kilomita 20,200 juu, na kinachofika kwenye antena ni chini ya sehemu moja ya bilioni ya sehemu moja ya milioni ya wati. Ndiyo sababu vifaa vingi hubeba kikuza mawimbi papo hapo chini ya kiraka, kinacholishwa umeme wa volti 3 hadi 5 kupitia waya ule ule wa antena. Waya mwembamba unaotumika hupoteza karibu desibeli 1 kwa kila mita. Kikuza kikiwa mwanzoni mwa waya, hasara hiyo haina uzito. Kikiwa mwishoni, tayari imechelewa.

Antena mbili, tabia mbili

Kifuatiliaji kina kazi mbili: kujua kilipo, na kupeleka habari hiyo kupitia mtandao wa simu. Kazi ya pili ina antena yake, na tabia zake ni kinyume cha ile ya kwanza.

Kiraka cha GPS hupenda chuma chini yake. Watengenezaji wengi hushauri bati la milimita 70 kwa 70 chini ya kipande cha milimita 25, na paa la kichwa cha lori ni bati zuri kuliko lolote. Kinachokiua ni chuma juu yake. Antena ya simu, kwa upande wake, huchukia chuma pande zote. Kwenye megahezi 900 wimbi lina sentimita 33, na robo yake ni sentimita 8. Ndani ya kasha dogo hakuna nafasi hiyo, kwa hiyo wabunifu hukunja waya, au huunganisha ncha moja ya kiraka na bati la chini ili robo ya wimbi itoshe badala ya nusu. Hata hivyo bodi nzima ya saketi hushiriki kutoa mawimbi. Bodi ikiwa na urefu wa sentimita 4, antena yoyote iliyopachikwa juu yake itakuwa dhaifu kwenye megahezi 900, hata kama kwenye megahezi 1800 inafanya vizuri. Na ni masafa ya chini yanayofika mbali vijijini, kwenye vipande virefu vya barabara visivyo na minara.

Matokeo yake huonekana kwenye betri. Moduli ya simu isiyosikika na mnara huongeza nguvu, na kwenye mtandao wa 2G inaweza kufika wati 2 kwa vipindi. Hujaribu, hushindwa, hujaribu tena. Lakiri ambayo ingekaa siku kadhaa huweza kuzimika kabla ya Malaba, si kwa sababu betri ni mbovu bali kwa sababu antena inapiga kelele bila kusikika. Hitilafu hii hupewa majina mengi kwenye ripoti, na neno antena halitajwi mara nyingi.

Vifaa vingi hutunza nukta za safari vikikosa mtandao na kuzituma baadaye. Kwa hiyo ukimya wa simu na ukimya wa setilaiti si kitu kimoja. Katika ukimya wa kwanza rekodi hurudi ikiwa kamili mtandao ukipatikana. Katika wa pili hakuna rekodi kabisa. Mwenye lori anayejibu swali la forodha au la bima angefaa kuuliza kwanza ni ukimya upi, kabla ya kumtoza dereva mshahara wake.

Lakiri iliyo mlangoni

Lakiri ya forodha hufungwa pale mlango unapofungwa, yaani nyuma ya kontena. Hapo kiraka chake hakitazami juu. Hutazama nyuma, huku ukuta wa chuma ukiziba mbele yote. Nusu ya anga imepotea hata kabla ya safari kuanza, na zilizobaki ni setilaiti za upande wa nyuma. Barabarani hiyo inatosha. Kwenye foleni ya mpakani, lori la nyuma likisogea hadi karibu kugusa, nusu iliyobaki nayo huzibwa na chuma cha kichwa chake. Hali ni ile ile kwa lori lililorudishwa kinyumenyume hadi ukutani ili mlango usifunguliwe usiku. Dereva anayefanya hivyo analinda mzigo, na papo hapo anaufanya upotee kwenye skrini. Mita chache za nafasi nyuma ya mlango husaidia.

Kwa kifuatiliaji cha mwenye lori hali ni rahisi zaidi kwa sababu mahali pa kukifunga ni hiari yake. Juu ya paa ndipo pazuri. Chini ya dashibodi ya plastiki panafaa, mradi uso wa kiraka uelekee juu na pasiwe na nondo au bomba juu yake. Mafundi wengi hukificha ndani kabisa nyuma ya chuma ili mwizi asikione, na kwa kweli hata setilaiti hazikioni. Kioo cha mbele kilichobandikwa karatasi ya giza yenye chembe za chuma huzuia mawimbi pia, na huzuia vilevile vibandiko vya RFID vinavyosomwa kwenye mageti. Paneli za kusoma vibandiko hivyo nazo ni antena za kiraka zilizokuzwa, na nyingi hujizungusha kwa sababu msomaji hajui kibandiko kitakuwa kimelala upande gani.

Viraka vingi kwa pamoja

Kiraka kimoja huongeza nguvu upande wa mbele kwa desibeli 6 au 7. Kikitakiwa kufika mbali zaidi, hakikuzwi. Huongezwa vingine kando yake. Viraka 2 huongeza desibeli 3, yaani mara mbili. Viraka 4 huongeza 6, na 8 huongeza 9, ukiondoa kinachopotea kwenye njia za kuvigawia umeme. Hii ndiyo antena ya safu. Paneli bapa inayounganisha ofisi ya wakala wa forodha na yadi iliyo kilomita kadhaa kwa kawaida ina safu ya viraka namna hii nyuma ya plastiki nyeupe.

Malipo yake ni wembamba wa mwali. Viraka 4 vilivyopangwa kwa nusu ya wimbi hutoa mwali wa karibu nyuzi 26, na viraka 8 karibu nyuzi 13. Nguzo iliyoyumba sana kwa upepo inaweza kudhoofisha mawasiliano. Nafasi kati ya kiraka na kiraka nayo haichezewi: vikikaribiana mno huingiliana, vikiachana kufikia wimbi zima safu huanza kurusha miali mingine mikubwa pembeni ambako hakuna anayesikiliza. Wabunifu wengi hukaa kati ya nusu ya wimbi na robo tatu zaidi kidogo.

Uzuri wa safu ni kwamba mwali unaweza kugeuzwa bila kugusa nguzo. Kila kiraka kikicheleweshwa kidogo kuliko jirani yake, mwali huinama. Kwa nafasi ya nusu ya wimbi, kuchelewa kwa robo ya mzunguko kati ya kiraka na kiraka huugeuza mwali kwa nyuzi 30. Paneli ndefu kwenye minara ya simu hutumia njia hii kuinamisha mwali kuelekea barabarani na mijini. Sahani za Starlink, iliyoanza kuuza huduma Kenya mwaka 2023, hufanya hivyo kwa vipande zaidi ya elfu moja na kufuata setilaiti zinazokimbia angani bila sahani kujongea. Baadhi ya yadi na vituo vya mbali vimeona hapo njia ya kupata intaneti pasipo na minara.

Kwa nini basi lakiri isiwe na safu? Rula hujibu. Nusu ya wimbi la GPS hewani ni sentimita 9.5. Safu ya viraka 4, viwili kwa viwili, ingehitaji bamba la karibu sentimita 20 kila upande. Hilo ni la paa la gari la jeshi au mgongo wa ndege.

Na huko ndiko zinakotumika, kwa sababu nyingine ya maana. Safu ya antena 4 inaweza kuziba masikio kuelekea pande 3 kwa wakati mmoja, na hivyo kuzima kelele za vizuia mawimbi vitatu. Lori la kawaida halina kinga hiyo. Kizuia mawimbi kidogo cha kuchomeka kwenye tundu la kiberiti cha gari hushinda GPS kwa urahisi, kwa vile mawimbi ya setilaiti ni hafifu. Dereva mmoja wa Marekani alikitumia ili mwajiri wake asimwone, na alipopita karibu na uwanja wa ndege wa Newark mwaka 2012 kikavuruga mitambo ya kuongozea ndege. Mwaka 2013 tume ya mawasiliano ya nchi hiyo ilipendekeza atozwe faini ya dola 31,875. Kwa lori la transiti hasara ni ya namna nyingine: kizuia mawimbi huzima pia vifaa vya malori ya jirani kwenye foleni, na wenye malori hayo watatakiwa kujieleza kwa kosa la mtu mwingine.

Kupima kabla ya kulipa

Mnunuzi hahitaji maabara. Vifaa vingi hutoa idadi ya setilaiti na nguvu ya kila moja, na programu ya muuzaji inaweza kuionyesha. Lori likiegeshwa mahali wazi kwa dakika 10, setilaiti zilizo juu zinapaswa kusoma desibeli-hezi 40 au zaidi. Zikisoma chini ya 30 mahali wazi, antena ni mbovu, imefungwa kichwa chini, au kuna chuma juu yake. Kipimo kirudiwe baada ya kifaa kufungwa, si kabla tu. Tofauti kati ya vipimo hivyo viwili ni kazi ya fundi, na ndiyo hoja ya kumrudia nayo.

Muuzaji aulizwe ukubwa wa kiraka kwa milimita, ikiwa kilipimwa ndani ya kasha, na antena ya simu inasikia masafa gani. Asiyeweza kujibu swali la kwanza anauza kitu asichokifungua. Kwa vifaa vyenye tundu la antena ya nje, waya wa kuongezea uwe mfupi, usikunjwe kwa pembe kali, na kichwa cha antena kiwekwe juu ya bati bapa la paa, mbali na taa na fremu za chuma.

Rekodi ya kipimo cha siku ya kufunga, pamoja na picha ya mahali kilipofungwa, ihifadhiwe kwenye faili la lori pamoja na nyaraka za safari. Siku lori litakapotoweka kwenye skrini kati ya Salgaa na Webuye, karatasi hiyo itaonyesha kwamba kifaa kilikuwa kizima kilipoondoka.